Siku Nilipomfukuza Mzee Walsh Kwenye Posa

Jamani, nianze kwa kuwaomba kitu kimoja: mkinikuta hapa mtaani Bellevue, Joburg, nimesimama na watu, msitaje jina la Walsh mbele yangu, maana masikio yananiwaka moto, na wapangaji wenzangu hawajaacha kunicheka hadi leo (watoto wa pale uani wakiniona nafungua mlango wanajifanya wanakimbia huku wameshika vichwa). Mimi mtu mzima, fundi cherehani mwenye heshima zangu, nilijiaibisha mchana kweupe, tena mbele ya wakwe.

Mambo yalianza vizuri tu. Neema, binti wa dada yangu, niliyemlea hapa Joburg tangu darasa la kwanza, alipata mchumba, Marlon, kijana wa Eldorado Park, mtaa wa machotara, mpole, anayesalimia hadi paka. Baba yake, Mzee Walsh, dereva wa mabasi aliyestaafu, alikuwa aje kwangu Jumapili baada ya kanisa kuleta posa, na mimi mjomba ndiye wa kumpokea. Dada akanipigia kutoka Muheza. "Kaka, hao Walsh ni watu wa wapi? Mtoto hatolewi kwa ukoo usiojulikana." Nikamuuliza Marlon, akapandisha mabega: yeye hajui, baba yake hajui, babu naye alikufa bila kujua, ilisemekana tu kwamba zamani kulikuwa na Mwairishi mmoja aliyepita akaacha jina na kwenda zake.

Basi nikaingia kwenye simu kutafuta, na nikapata makubwa. Kumbe Walsh ni miongoni mwa majina yaliyoenea mno Ireland, yaani huko ukiita "Walsh!" sokoni wanageuka nusu ya wauza viazi (hilo la viazi nimeongeza mimi). Na kumbe wenyewe asili yao si Ireland! Mababu zao walitoka Wales, wakavuka maji karne nyingi zilizopita pamoja na wavamizi wa Kinormani, na wenyeji wakawaita kwa neno la Kiairishi ambalo sitathubutu kulitamka, maana yake watu wa Wales. Ukilichimba jina lenyewe la Walsh hadi kwenye mzizi, unakuta lilikuwa neno la Waingereza wa kale la kumwita mtu asiye wao. Mgeni. Basi.

Hapo ndipo ulipoanza ujinga wangu. Kwetu marehemu baba alikuwa na watani, Wanyamwezi waliokuja zamani kukata mkonge, wakaitwa wageni, wakatukanwa, wakatukana, hadi undugu ukaota humo humo. Mtani alikuwa akija kwenye shughuli anakunyang'anya kofia, anakuambia urudi kwenu, na ukinuna wewe ndiye mwenye kasoro. Nikajisemea, watu wenye jina la ugeni wanakuja kuoa kwa wageni, hawa si watani wetu wa kuzaliwa kabisa? Nikaamua nitaufungua utani siku ile ile ya posa. Neema aliniambia mapema, "Mjomba, wewe msalimie, mpe soda, ukae." Laiti ningekaa.

Jumapili ikafika. Sebule imefagiliwa, dada yuko hewani kwa video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Mzee Walsh kaingia na suti ya kijivu na kofia, ameketi wima, mikono juu ya magoti, anaogopa kukosea. Akasema maneno yake machache ya heshima, kwamba kijana wake anampenda binti yetu. Nikainuka kujibu kwa Kiingereza changu, nikaanza na asili ya jina, na nawaambia mzee alinisikiliza mdomo wazi, hata Marlon akavuta kiti karibu. Mambo shwari. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Mimi nikakunja uso, nikapiga meza, nikanguruma, "Kwa hiyo ninyi ni wageni! Wageni tangu Ireland! Nani kawaruhusu kuingia humu?" Mzee akatazama viatu vyake. Nikadhani anatafuta jibu (mtani mzuri hakurupuki), nikaona nimsaidie kwa kuongeza moto. Nikamvua kofia, nikaivaa mimi, nikafungua mlango wa uani ili majirani wote washuhudie utani unavyozaliwa, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Wageni, rudini kwenu! Ondokeni!" Na kwa kuwa Kiingereza hakikunitosha, nikamalizia kwa Kizulu, "Hambani! Hambani!"

Jamani. Nyumba yetu ni ya vyumba vya kupanga, na uani walikuwepo Wakongo, Warundi na Wamalawi wanapikia shughuli yangu, na mwenye masufuria alikuwa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Yeye hakuniona. Alisikia tu sauti ya mwanaume inafukuza wageni kwa Kizulu, kama yale makundi yanayovamia nyumba za wageni hapa Joburg.

"Banakuya!" akapiga yowe, yaani wanakuja. "Banakuya! Mufunge mulango!"

Sufuria la pilau likapinduka, Warundi wawili wakapaa juu ya ukuta na miiko mkononi, mtu akalifunga geti kwa mnyororo na kufuli kisha akaliruka yeye mwenyewe na ufunguo wake, na humo ndani Neema katika kukurupuka akaipiga kumbo meza, simu ikaanguka chali, nikamsikia dada anauliza kutoka sakafuni, "Mbona naona dari? Wamekubali?"

Mzee Walsh akasimama, kichwa wazi, akatoka bila kumwangalia mtu. Akafika getini, akaitikisa ile kufuli, akaona hatoki. Akaenda kuketi kwenye gari lake humo humo uani, akafunga mlango.

"Eish, mjomba," Neema akasema, na machozi yanamtiririka. "Kitumbua changu umekitia mchanga. Marlon hawezi kunioa baba yake akikataa, unajua hawezi, nyumbani kwao wamebaki wawili tu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikavua ile kofia, nikaenda nayo hadi garini nimeishika kwa mikono miwili, nikagonga kioo. Mzee alikuwa kwenye simu anafoka. Nikajua ananisema.

"Nakwambia wageni, Doreen! Tangu huko huko!" alikuwa anamwambia dada yake. "Huyu bwana amelisoma jina letu!" Akashusha kioo, macho mekundu. "Shuleni waliniuliza, kazini wakaniuliza, Walsh, wewe na sura hiyo, jina hilo umelitoa wapi? Maisha yangu yote nimejibu sijui. Unakuja kunipa jibu, kisha unanifukuza?"

Nikamweleza utani, vibaya, kwa kigugumizi: kwamba matusi yale ni ya kufunga undugu, kwamba na yeye ana haki ya kunirudishia, kwamba ulimi hauna mfupa na mimi ni mjinga, na binti hana kosa. Akaichukua kofia yake mikononi mwangu.

"Na hao Walsh walipoambiwa wageni," akauliza, "waliondoka?"

"Hawakuondoka, mzee. Wamejaa nchi nzima."

Akaanza kucheka taratibu, tumbo likitikisika hadi gari likatikisika nalo. "Kwa hiyo na mimi ninakuamuru, mtani," akasema. "Nenda kawarudishe watu wako. Wote."

Nikaruka geti, nikamtafuta mwenye ufunguo, nikazunguka mtaa mzima naomba radhi, na wengi walicheka, lakini Mama Furaha nilimkuta nyuma ya duka la pembeni amejikunyata, kanga imelowa mchuzi, na hakucheka. Akaniambia, "Miye nilishakimbia mara mbili, fundi." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko pilau na aibu yangu.

Tuliporudi, Mzee Walsh, ambaye alishaingia tena sebuleni, alimwona Mama Furaha mlangoni, akainuka kwenye kiti chake cha heshima, akamshika mkono. "Kaa hapa, mama," akasema. "Mimi pia ni mgeni, nimeambiwa leo." Kisha akabaki amesimama, akageukia simu ya dada, akamwomba Neema upya kutoka mwanzo, na posa ikapokelewa kwa mkate na soda, maana pilau lilikuwa limeliwa na mbwa.

Harusi imeshapita. Mzee Walsh akija hunivua viatu na kuondoka navyo, na sinuni. Lakini nimeapa: jina la mtu nitamweleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, tena nimekaa, na hata nikiwashwa vipi na utani, napita kwanza jikoni kuwaambia wapishi.