Somo la Nyuma ya Mlango

Sittana binti Abdelgabbar alifundishwa kusafisha picha na mtu ambaye hakuwahi kuiona mikono yake ikifanya kazi hiyo. Utadhani natania, lakini Omdurman, kule Sudan, ya mwaka 1962 ilikuwa na mambo yake. Kaka yake Khalafalla alimruhusu kufanya kazi studio kwa Mzee Garabed, Muarmenia, kwa sharti moja: asijifungie chumbani na mwanamume. Sasa chumba cha giza kisipofungwa mlango ni chumba cha giza gani?

Basi Sittana akawa ndani, Mzee Garabed nje juu ya kigoda, saa mkononi, akifundisha kwa kupaza sauti kupitia mbao za mlango. Wauzaji wa sokoni walicheka mpaka wakachoka.

"Anapika nini huyo humo ndani?" muuza karanga aliuliza kila alipopita.

"Anapika sura yako," Mzee Garabed alimjibu. "Imegoma kuiva."

Chanzo chake kilikuwa hivi. Kwa miaka miwili kazi ya Sittana pale studio ilikuwa kuwapanga akina mama mbele ya kamera: kunyoosha tobe, lile vazi lao la kujitanda, hapa, kuinua kidevu pale, kumwambia mtu aache kukunja uso kana kwamba amekuja kudai mahari. Akina mama walimpenda. Lakini wengi waliuliza swali lile lile: huko ndani picha zetu anazitazama nani? Akijibu kwamba ni Mzee Garabed, wanajifunika tobe zao na kwenda zao. Sittana alichoka kuwaona wakiondoka, akamfuata mzee.

"Nifundishe. Nikisafisha mimi, mitaa yote itahamia hapa."

Mzee alikuna shingo. "Siku utakayoniletea picha safi, umeipiga mwenyewe, umeisafisha na kuichapa mwenyewe, alasiri zote ni zako na wanawake wako. Na jina lako litakaa kibaoni chini ya langu. Ila mimi simpi mtu jina kwa kazi ambayo sijaiona."

Kile kibao, jamani, Sittana alikitaka kwa moyo wake wote. Alikuwa ameshaitwa binti wa fulani, mke wa fulani, mtalaka wa fulani na dada wa Khalafalla. Alitaka pawe na mahali pameandikwa Sittana, watu wapite wasome.

Filamu ya kwanza aliiua mwenyewe. Mzee alikuwa amemwambia kwamba taa nyekundu haidhuru kitu, naye akaiwasha, akaitoa filamu na kuizungusha kwenye gurudumu lake taratibu, anaona kila kitu, anajiona mjanja kweli kweli. Ilipotoka kwenye dawa ilikuwa nyeusi tii kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kwani uliivingirisha gizani?" mzee aliuliza kutoka nje.

"Kwenye taa nyekundu. Si ulisema haidhuru?"

"Haidhuru karatasi, binti. Filamu inaona kila kitu."

"Ningejuaje? Ungekuwa humu ungeniona."

"Ningekuwa humo kaka yako angenichinja."

Tangu siku hiyo Sittana hakuacha kuuliza: hili ni la filamu au la karatasi? Ile filamu iliyokufa akaenda nayo nyumbani, akawa anaivingirisha na kuivingirua akiwa amefumba macho, anapiga soga na mama yake, mpaka vidole vikaizoea kama vinavyozoea kusuka nywele. Baada ya miezi minne alikuwa anasafisha picha za paka, za jiko, za mama yake aliyesinzia. Mzee alizitazama na kuguna. "Hizi ni za kujifunzia," alisema. "Niletee kazi."

Kazi ikaja mwezi wa Mei, na joto lake. Hajja Toma wa mtaa wa Beit al-Mal alikuwa anamwoza bintiye Rugaya. Msichana alikuwa amefundwa kucheza kwa siku arobaini, na siku ya ngoma yake atatoka mbele ya wanawake na gauni fupi, nywele wazi, acheze, kisha katikati ya wimbo ajiangushe ghafla. Bwana harusi, mwanamume pekee hapo uani, lazima amdake. Akimkosa, upande wa bibi harusi unahesabu bao na kumzomea.

"Rugaya anakwenda Port Sudan na mumewe," Hajja Toma alisema, "mimi nabaki na kuta. Nataka picha. Lakini mwanamume atakayekuwa amemwona mwanangu akicheza ni huyo mumewe, na abaki huyo huyo mmoja. Picha na filamu uniletee kwa mkono wako. Niapie."

Sittana akaapa.

Siku ya ngoma alipiga picha kumi na mbili. Ya tisa aliijua hata kabla hajaisafisha: Rugaya yuko hewani, kichwa nyuma, na bwana harusi amechelewa, mikono mbele, macho yamemtoka.

Kesho yake maji ya bomba yalikuwa na joto la nyuzi thelathini na sita. Ukiyatumia hayo, ngozi ya filamu inalainika kama uji, na picha inachuruzika pamoja nayo. Maji baridi Omdurman yote yalikuwa mitungini, kwenye udongo unaotoa jasho kivulini. Sittana akaumaliza mtungi wa studio, akaazima miwili kwa jirani, akapima: ishirini na nne.

"Hata maji yangu ya kunywa?" Mzee Garabed alilalamika.

"Utakunywa chai."

"Nipe hiyo filamu mimi. Nitaisafisha nimefumba macho, wallahi."

"Mzee, wewe ukifumba macho unalala."

Akafunga mlango. Safari hii hakumwomba mzee amhesabie. Kwa maji yale alihitaji dakika sita na nusu, naye alizihesabu mwenyewe kwa sauti. Kisha siki ya kuizuia dawa isiendelee, kisha dawa ya kukaza, kisha kuosha kwa maji ya mitungi tena, maana filamu ikitoka kwenye ubaridi ikaingia kwenye joto inakunjamana. Alipoifungua, akaiinua kwenye taa. Rugaya alikuwapo mara kumi na mbili.

Kuchapa kulimchukua alasiri nzima. Alitoka na bahasha aliyoigundisha kwa gundi, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama wa mtu aliyejifungua salama.

Mzee Garabed alisimama kutoka kwenye kigoda chake, akanyoosha mkono. "Haya. Nionyeshe."

"Siwezi."

"Binti, makubaliano yetu ni yapi?"

"Nayakumbuka. Lakini nimeapa."

"Pembe moja tu. Nione weusi wake."

Hapo, nisikufiche, Sittana aliumia. Ile ya tisa ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na mtu mmoja tu katika mji ule mzima angeweza kusema ni bora, naye alikuwa amesimama mbele yake. Pembe moja, Hajja Toma angejuaje? Akaibana bahasha kwapani.

"Hapana, mzee. Nitakuletea nyingine. Hata ikichukua mwaka."

Mzee alikasirika, hakuficha. Alikaa, akasimama, akakaa tena. "Basi niambie. Weusi ni weusi kweli, au kijivu?"

"Nywele zake nyeusi tii, lakini uzi mmoja mmoja unaonekana."

"Weupe?"

"Gauni la hariri. Mikunjo yote ipo, haikuungua."

"Nasikia bibi harusi hutupa kichwa nyuma, na uani hufungwa turubai la kivuli. Basi uso umekuwa makaa."

"Ulikuwa makaa kwenye karatasi mbili za kwanza," Sittana alisema. "Nikaziba."

"Ukaziba nini?"

"Mwanga. Uso ulikuwa unazama, nikapitisha kiganja kati ya taa na karatasi, nikauzibia uso peke yake kwa hesabu tatu. Uking'ang'aniza mkono pale pale, alama yake inabaki, kwa hiyo nilikuwa nautikisa kidogo. Hivi." Akauonyesha mkono wake hewani.

Mzee Garabed aliutazama ule mkono. Miezi minne yote hakuwahi kumwambia neno juu ya jambo hilo. Lilikuwa jambo la kuonyeshana, mkono kwa mkono, na kwa mlango kuwa katikati alikuwa ameshakata tamaa ya kumfundisha.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa nje."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachelewa sana kuirudisha usoni. "Peleka mzigo wa watu," alisema. "Na kesho saa tatu uwepo hapa. Mchoraji wa vibao atataka kujua jina lako lote."

"Sittana Abdelgabbar," alisema. "Na aliandike kubwa kama lako."