Kassim na Pinboli ya Mlimani

Usiku ule sikuwa nimemuwaza Kassim. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wanapenda kuniambia kwamba mtu huota kile alicholala nacho moyoni. Mimi nililala na njaa kidogo, na hasira na fundi wa bati aliyeniacha na paa linalovuja, basi. Joto la Tanga lilikuwa limenichosha. Nilipoweka kichwa kwenye mto, nikapotea.

Kwanza nikasikia gololi.

Kwangu sauti hiyo ina mwenyewe. Mimi na Kassim tulikuwa tunakusanya pinboli za zamani, zile meza ndefu zenye uso wa kioo, ambamo gololi ya chuma inarushwa kwa springi, inagonga kengele na kuwasha taa, nawe unaizuia isianguke kwa vibawa viwili unavyovibonyeza ubavuni. Zamani zilikuwako kwenye klabu za mashamba ya mkonge na kwenye baa za mabaharia. Wenyewe wakaondoka, mashine zikaharibika, zikabaki kwa watu wasiojua ni kitu gani. Kassim alikuwa fundi wa majokofu, mimi wa redio. Tukipata moja, tunaifufua kwenye karakana yangu ya uani na kuicheza mpaka mkewe, Mwanaidi, anapiga simu kuuliza kama siku hizi mumewe ameoa mashine.

Kassim alikufa kabla ya mvua za vuli, kwenye kona za barabara ya Lushoto. Pikipiki yake ilikutwa korongoni na hakuna aliyeona ilivyokuwa. Hakuwa amemwambia mtu anakwenda wapi, hata mimi. Mtaani wakajijazia wenyewe: alikuwa na mwanamke huko milimani, alikuwa anamfuata. Maneno hayo yalimkuta Mwanaidi yumo ndani ya eda, mahali ambapo mtu hawezi kutoka akaenda kuyajibu.

Basi gololi ilikuwa inabingirika karakanani, nami nikaenda kutazama. Nikafungua mlango wa uani, na huko nje ni mchana. Mchana mweupe sana, vitu havina vivuli. Kassim amekaa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo. Shati lake la kijivu limeingia vumbi jekundu mpaka kwenye kola. Hatutazamani. Ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya siku zote, nami nampa bisibisi.

Nilijua kwamba amekufa. Nataka hilo lieleweke. Nilisaidia kumteremsha kaburini kwa mikono yangu, na ndani ya ndoto nilikumbuka uzito wake. Lakini sikuona ajabu. Nilichoogopa ni kwamba atageuka.

"Kuna wageni," akasema. "Twende tukawahudumie."

Akainuka, na karakana ikawa ni ule ua wa Pangani. Naujua ua huo. Tulikwenda pale kumzika mjomba wake, na wakati wa chakula Kassim aliweka bilauri ya maji juu ya meza iliyotandikwa kanga, akasikia kioo chini ya kitambaa. Akainua pindo, akaona taa zimelala humo ndani, akairudisha kanga taratibu na kuendelea kula na wenzake. Hakunitajia mpaka arobaini ilipopita. Alisema si adabu kumtazama maiti kwa jicho moja na mali yake kwa jicho la pili.

Sasa meza ni ileile na kanga ni ileile. Watu wamekaa kwenye mikeka wanakula, na hakuna sauti hata ya sahani. Kassim anapita kati yao akiwapakulia pilau. Ananifikia. Natazama nyuso za wanaokula: mama yake, jirani zetu, yule sheikh aliyeswalisha jeneza. Hapo ndipo ninapotambua kwamba huu si msiba wa mjomba. Ni wake, na yeye mwenyewe ndiye anayeandaa.

"Kula, Hamza," anasema. "Usiwe mgeni."

Nikala. Pilau ilikuwa ya baridi, na ina ladha ya chuma.

Kanga ikapepea, na chini yake wakatoka kuku. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye nyasi, mkono wangu umo ndani ya banda lile la Muheza. Pale bibi mmoja alikuwa ameng'oa matumbo yote ya pinboli na kufuga kuku ndani yake, akatuambia hatutaigusa mpaka tuwajengee kuku wake nyumba nyingine. Tukawajengea, tena ya bati jipya. Katika ndoto natafuta mayai nakuta gololi. Ina joto, kama imetoka kutagwa. Naitoa, na mwanga unaoniangukia mikononi ni mwekundu, kwa sababu banda limekuwa kibanda cha kinyozi wa Korogwe. Yule kinyozi alichukua kioo cha mbele cha mashine, chenye picha ya mwanamke juu ya farasi, akakifanya dirisha. Siku ile tulimkuta ananyoa mteja mwenye kichwa chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Kassim alicheka mpaka akatoka nje, kisha akarudi kuuliza, kwa upole, mwili wa hicho kioo umelala wapi. Ulikuwa umelala chini ya kitanda cha mama yake kinyozi, umepangwa vyungu.

Sasa yupo kwenye kiti cha kinyozi. Mwanamke na farasi wanampita usoni kwa rangi, na kwa mara ya kwanza naona uso wake. Hauna jeraha. Umechoka tu, kama uso wa mtu aliyesubiri foleni.

"Hizo zote tulizipata pamoja," nikamwambia.

"Iko moja niliipata peke yangu."

Akatoka nje, nikamfuata. Alikuwa ameshawasha pikipiki.

Nakaa nyuma yake. Tunapanda. Barabara inajikunja, miti inakuwa mirefu na myeusi, na baridi inaniingia mikononi. Nimemshika kiunoni kama nilivyozoea, ila mwili wake hautoi joto. Kila kona tunayoifikia najua kwamba ndiyo. Nasema moyoni, ni hii. Tunaipita. Ni hii. Tunaipita pia. Nataka kumwambia apunguze mwendo, mdomo haufunguki. Upande wa korongo sitazami. Huko chini kuna kitu kinang'aa, na mimi sitazami.

Tukafika kwenye nyumba ndefu ya mawe yenye bomba la moshi, imezungukwa na mivinje. Dirisha moja lina kioo, mengine yamezibwa magunia. Ndani kuna harufu ya maharage mabichi. Bibi mzee aliyejifunga shuka la baridi amesimama anachambua maharage juu ya meza, mabovu anayatupa chini. Kila anapoyasukuma kwa kiganja, chini ya maharage kinaonekana kioo, na chini ya kioo taa, vibawa, na njia ya gololi. Ni nzima. Haijang'olewa kitu. Katika miaka yote ya kutafuta sijawahi kuona pinboli iliyotulia namna ile, kana kwamba wachezaji wametoka mara moja kuvuta sigara.

"Hodi, bibi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Nikageuka kumwonyesha Kassim, na Kassim hayupo. Namwona dirishani. Yuko nje kwenye pikipiki, ameshaigeuza, uso wake unatazama bondeni kule tulikotoka.

"Mwenzako huyo hatulii," bibi akasema. "Hata chai hakunywa."

Nikatoka mbio. Mbio za ndotoni, miguu ni mizito, ukumbi haufiki mwisho. Nyuma yangu naisikia mashine inaamka. Nyumba haina umeme na kengele zinalia, taa zinapita ukutani mbele yangu, nyekundu, buluu, na gololi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Kila kitu mwilini kinataka nigeuke nikaicheze. Siwezi kueleza hamu hiyo kwa mtu asiyekuwa nayo. Nilijua pia kwamba nikigeuka, sitamkuta Kassim nje, na pengine mimi mwenyewe sitatoka.

Sikugeuka. Nikafika, nikashika usukani wa pikipiki. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji.

"Huichukui?" nikamuuliza.

"Nimeiona. Imenitosha."

"Kassim, mtaani wanasema ulikuwa unaenda kwa mtu."

Akanitazama sasa, moja kwa moja, na ile hofu yangu ya mwanzo ikaisha. Macho yalikuwa yake.

"Sikuwa naenda," alisema. "Nilikuwa narudi. Mwambie Mwanaidi, nilikuwa narudi."

Nikataka kumuuliza jina la pale mahali, na kama aliumia, na mengine mengi. Akaondoa mkono wangu kwenye usukani, kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama unavyomtoa mtoto aliyelala na nguo yako mkononi. Pikipiki ikashuka bila mlio. Ikaingia kona ya kwanza. Nikaendelea kuhesabia moyoni kona ya pili, na kabla haijatokea nikaamka.

Nilikuwa nimelala chali, mikono imekamata mbao za kitanda huku na huku, vidole gumba vinabonyeza. Mashavu yamelowa. Kulikuwa kumekucha, mke wa jirani anafagia uwanja wake.

Sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kassim nikapiga hodi barazani. Mama yake ndiye aliyetoka, nikamwamkia, akanisogezea kiti. Nikamwambia nimebeba salamu kwa Mwanaidi, na kama inafaa ningependa azisikie mwenyewe, hata akiwa kulekule ndani. Mama hakuniuliza salamu za nani. Alinitazama kidogo, akaenda akaita. Nikamsikia Mwanaidi amekuja akakaa upande wa pili wa pazia.

"Karibu, shemeji," alisema. Sauti ilikuwa kavu. Tangu maziko sauti yake ilikuwa hivyo, na mama mkwe wake alishaniambia kwamba binti huyu hajalia, na kwamba jambo hilo linamtisha kuliko kilio.

Nikaieleza ndoto, lakini sikueleza yote. Pilau na korongo niliviacha. Nilieleza nyumba ya mawe, bibi na maharage yake, pikipiki iliyogeuzwa kuelekea nyumbani. Kisha nikasema maneno kama nilivyopewa.

Pazia halikutikisika.

"Rudia, shemeji."

"Amesema hakuwa anaenda. Alikuwa anarudi. Nikuambie wewe."

Nikasikia pumzi inavutwa, ndefu.

"Asubuhi ile tuligombana," Mwanaidi alisema. "Kwa ajili ya mashine zenu hizo. Alipokuwa anavaa viatu nilimwambia, ukitoka leo usirudi." Nikasikia anasogea karibu na pazia. "Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama hapo hajui."

Mama alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Aliinua pazia akaingia, na kile kilio kilichokuwa kimekataa kutoka siku zote kikatoka, kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa anafagia uwanja wa jirani akaacha kufagia. Mimi nilibaki kwenye kiti nikitazama miguu yangu. Nyumba ya mawe sijaenda kuitafuta mpaka leo, na sijui kama ipo.

Kilio kilipopungua mama akachungulia. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkono mmoja ulikuwa bado ndani, umeshikwa.

"Nenda kapumzike, baba," aliniambia. "Umefikisha."