Vibendera Vitano vya Detlev Clausen

Nyambizi ilikuwa na mabaharia hamsini na vyoo viwili, na kimoja Detlev Clausen alikijaza viazi. Kwa hiyo kila safari alianza kwa kuchukiwa, akapendwa kadiri viazi vilivyopungua. Alikuwa mpishi, mwana wa fundi cherehani wa kijiji cha Laboe, na hakutaka kitu duniani ila kubaki na wenzake wale.

Safari mbili walirudi bandari yao ya Kiel na ndevu tu. Nyambizi nyingine ziliingia bandarini na vibendera vyeupe, kimoja kwa kila meli ya adui iliyozamishwa. Wao waliingia mikono mitupu, na bendi ya gatini ikawapigia nusu ya wimbo.

Kabla ya safari ya tatu, nahodha Rickmers, kijana wa miaka ishirini na minne, alimwita.

"Clausen, unajua kushona. Nitengenezee vibendera vitano."

"Lakini mkuu, hata hatujaondoka."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Detlev alikata kitambaa cha meza, akashona, akapiga pasi, akakunja vizuri, kisha akavisahau kitandani kambini. Nahodha aliviulizia kamba zikifunguliwa.

"Nipe dakika kumi, mkuu, nivikimbilie!"

"Anayesahau ushindi wangu hapandi chombo changu. Shuka!"

Akapandishwa mpishi wa akiba.

"Usijali, mzee," Jürs wa mitambo alimtania kutoka juu ya nyambizi. "Choo chako tutakitunza!"

"Viazi vya chini vina unyevu," Detlev akajibu kutoka gatini. "Muanze navyo!"

Redio yao ilisema wamepiga meli moja, iliyobeba mbao, nayo imekataa kuzama. Siku ya kumi na moja redio ikanyamaza.

Wiki tano Detlev alishinda gatini, vibendera kwapani, akingoja kuomba msamaha. Mwishowe ofisa mmoja akamhurumia.

"Nenda zako, Clausen. Wamekwisha kufutwa orodhani."

Vita vilipokwisha alimwoa Wiebke, naye akavikuta vile vibendera kabatini.

"Hivi vya nini?"

"Vya ushindi."

"Basi vitafaa kukaushia vikombe."

"Chukua vinne. Kimoja niachie."

"Kwa nini kimoja?"

"Ni kimoja kwa kila chombo kilichozama."

Akakipiga pasi, akakikunja, akakiweka mahali ambapo hawezi kukisahau.