Kuvuta Boti kwa Gari Dogo, Kibondo hadi Mtoni

Mdogo wangu Dafroza si mtu wa kulalamika. Ni mkunga katika zahanati moja mbele ya Kagerankanda, na simu zake kwangu huwa za salamu na habari za mavuno. Kwa hiyo siku aliponipigia akilia, nilikaa chini kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akivushwa kwenda kujifungua alikuwa amepinduka mtoni pamoja na mtumbwi wa gogo. Walimwopoa kwa kumkamata nguo, na jioni ile akajifungua salama, lakini Dafroza hakuishia hapo.

"Dada, ule mtumbwi umeoza. Na mwezi huu nina wengine watatu ng'ambo."

Uani kwetu Kibondo kulikuwa na boti ya faiba. Mume wangu, Gervas, aliinunua pamoja na tela lake kwa mkandarasi aliyemaliza kujenga daraja na kuuza vifaa vyake. Tangu hapo walioitumia ni kuku, wakitagia ndani. Tulitazamana tu. Hatukuhitaji kikao kuamua iende mtoni.

Shida ilikuwa gari. Langu ni dogo, la kwendea shuleni ninakofundisha na sokoni, ingawa limeinuka na vilima halivikatai. Fundi alisoma kwenye kitabu cha gari uzito linaoruhusiwa kuvuta, tukapima boti, tela na mzigo wote kwenye mizani ya ghala la mahindi, tukakuta tumo ndani ya kiwango, kwa nafasi ndogo. Akachomelea ndoano ya kuvutia, akaunganisha taa za tela.

"Mwalimu, kuvuta litavuta," akaniambia. "Kazi ni kusimama."

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Niliendesha mimi, kwa sababu Gervas ana mtoto wa jicho. Kupakia alipakia yeye: injini ya boti nyuma kabisa, "ndipo mahali pake," na magunia mawili ya maharage ya Dafroza hapo hapo. Kitahana tuliwakuta watu wanakwenda shamba. Mama mmoja alishusha jembe begani akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mwalimu! Mwahamia ziwani?" Tukacheka sote.

Kicheko kiliisha kwenye mteremko, kabla ya kufika Makere. Nilihisi mkia wa gari unavutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Kwenye kioo niliiona boti inayumba kama mlevi. Nikakanyaga breki, ikawa mbaya zaidi. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Gervas alisema jina la Bwana. Sijui nani aliniambia niondoe mguu, lakini niliuondoa, nikanyoosha usukani, nikaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Lilisimama likiwa limebakiza hatua chache kufika kwenye korongo. Lori likatupita likipiga honi.

Nyuma yetu alikuja mtu anasukuma baiskeli yenye mboga. Alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alisema anaitwa Papa Faustin, na kwamba zamani alikuwa dereva wa malori Uvira. Aliniambia nitie mawe mbele ya magurudumu, akafungua ndoano, akainua shingo ya tela kwa mkono mmoja.

"Mama, uone! Muzee kama mimi iko nanyanyua. Mbele iko nyepesi sana. Nyuma ikikuwa nzito, ile remorque, ile tela, inaendesha gari, hapana wewe."

"Injini ndipo inapokaa," Gervas akajitetea.

"Kwa maji, ndiyo, papa. Kwa barabara, moteur inakuja mbele."

Walisogeza injini na magunia hadi mbele ya ekseli, wakakaza kamba upya. Papa Faustin akajaribu tena kuinua shingo. Safari hii alihitaji mikono yote miwili na mgongo. "Sasa ni muzuri." Minyororo ya usalama akaipishanisha chini ya ndoano, ili shingo ikichomoka ishikwe isiguse barabara. "Kwa muteremuko, shika gia ya chini tangu juu. Usingojee." Alipokea chapati mbili, akaendelea na mboga zake.

Saa tano tulikuwa Kasulu mjini kutafuta tairi la akiba la tela. Dukani kwa vipuri tulimkuta Bi Mwanaidi, mama wa makamo ambaye watu wake ni wa Tanga. Kabla ya kutuuzia chochote alitoka nje, akaupeleka mgongo wa mkono wake karibu na kila gurudumu.

"Hili la kulia linawaka moto, mwanangu. Beringi imekauka. Ukiendelea hivi gurudumu litakupita njiani, ulisalimie."

Alimwita fundi, akatukaribisha wali na dagaa nyuma ya duka tukingoja grisi itiwe. Gervas, ambaye hapendi kuchelewa, alikula sahani mbili.

Baada ya Kasulu, barabara ya vumbi. Nilikwenda polepole, kwenye kona nikitanuka, kwani tela hukata kwa ndani. Saa kumi jioni tukaona mto. Dafroza alikuwa pale na watu kama ishirini, na kati yao yule mama aliyepinduka, mtoto mgongoni.

Njia ya kuteremkia majini ilikuwa ya udongo wa mfinyanzi. Nilianza kurudi nyuma. Gurudumu likateleza hatua moja, nikasimama.

"Endelea taratibu," Gervas akasema. "Tumetoka Kibondo, mita ishirini zitushinde?"

"Hizi ndizo za kutushinda. Sishuki."

Alikasirika, lakini alishuka kutia mawe. Tulifungua tela juu kwenye tambarare, tukafunga kamba mbili nene, na wanaume kwa wanawake wakalishikilia tela na boti yake na kuliachia kidogo kidogo. Maji yalipokaribia, mvushaji Bihoga akauliza, "Na kizibo cha tundu la chini?" Kilikuwa mfukoni mwa Gervas. Hata yeye alicheka.

Boti ikaelea. Yule mama akasogea, akaishika ubavuni, akaisukuma kwa nguvu mara mbili. "Haitikisiki," akasema. Hakupanda siku ile, na hakuna aliyemhimiza. Kabla ya giza Dafroza alivuka na Bihoga, akarudi na mjamzito mmoja, viatu vyake vikavu. Ng'ambo waliobaki walitupungia wakishukuru, "Mwakoze!"

Jumapili tulirudi. Tela tupu huruka kwenye kila shimo, kwa hiyo hata bila mzigo sikukimbia. Nilikuwa nimejifunza kusimama mapema kuliko ninavyotaka, na kumsikiliza nisiyemjua anayeona kilicho nyuma yangu. Bila watu wale wawili wa njiani, nisingefika mtoni kukataa chochote.

Karibu na nyumbani Gervas aliuliza, "Ungenisikiliza pale mtoni, sasa tungekuwa wapi?"

"Ndani ya maji."

Akatazama barabara anayoiona kwa shida. "Asante, Mama Neema," akasema. "Na mimi nilikuwa ndani ya gari hilo."