Senene Mmoja, Kitenge Kizima

Mimi ni msomi wa kisomo cha watu wazima, na sioni haya kulisema. Wenzangu walivuka ziwa kwenda kusoma. Mimi nilisomea hapa hapa Buganguzi, darasa la jioni, chini ya karabai iliyonguruma kuliko lori la kahawa. Miaka ile ya ujamaa kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma, nami nilijua mpaka nikapitiliza. Nilisoma magunia, nikasoma sabuni, nikasoma vibiriti. Mke wangu alisema nikikosa cha kusoma nitaanza kuisoma migomba.

Ndipo katekista wa kigango chetu, aliyetuongoza Jumapili ambazo padri hakufika, akaniomba nisome somo la kwanza. Katika darasa letu zima hakuna aliyewahi kusimama mbele ya altare na kusoma. Wiki nzima niliwasomea ng'ombe somo lile, nadhani hadi leo wanalikumbuka.

Bahati mbaya, au nzuri, ilikuwa Novemba. Aliyezaliwa kwetu ameshaelewa. Asiyeelewa nimwambie kwamba huo ni msimu wa senene, wale panzi wa kijani ambao Mhaya akiwasikia kwenye kikaango husahau hata deni. Wakianguka asubuhi, watu hukimbilia rweya, yale majani ya wazi nje ya migomba, na anayechelewa hukuta majani matupu. Desturi yetu ni kwamba mke huwaokota, humkabidhi mumewe, na mume humpa nguo mpya.

Mke wangu aliungoja sana msimu huo. Kitenge chake cha kanisani kilikuwa kimechakaa hadi maua yake yamefutika, na vitenge vilikuwa adimu dukani. Alikuwa amesuka kikapu kipya, akanionya kwamba atakijaza mpaka nikose udhuru.

Basi Jumapili ilipofika nilisimama, nikafungua Biblia, nikaanza. Sikuwa nimefika katikati pale mabati yalipoanza kulia. Nikadhani mvua ya mawe. Jua likafifia, madirisha yakawa ya kijani, na senene mmoja akaingia, akatua juu ya neno lile lile nililokuwa nikilitafuta. Nje mtu akaita kwamba wameanguka.

Watoto walitoka wa kwanza. Wakafuata vijana, kisha kwaya ikatoka kwa sauti zake zote nne. Mama yangu mzazi, kiongozi wa rozari, alipiga ishara ya msalaba na kufungua kanga yake kwa mkono ule ule. Mwishowe katekista akaninong'oneza, macho yake mlangoni, "Fupisha, ndugu."

Nilitazama mabenchi. Mke wangu alikuwa benchi la mbele, mikono imekunjwa, macho kwangu. Kikapu kipya kilikuwa miguuni pake, kitupu. Alijua anachokosa kuliko mtu yeyote mle ndani, na hakugeuza hata shingo.

Sikufupisha. Nilimpuliza yule senene akahamia kwenye mkono wa koti langu, nikasoma hadi nukta ya mwisho, kwa sauti ambayo naamini ilisikika hadi bandarini Kemondo. Tulimaliza ibada tukiwa watu wanne, tukiwemo mimi na katekista.

Njiani nilijaa kifua. Nikamwambia mke wangu amenipa heshima kubwa, kubaki kwa ajili yangu.

"Usijivune, baba watoto," akasema. "Hata angesoma jogoo, ningebaki. Nilimjia Mungu."

Kisha akamwona senene, bado ameng'ang'ania koti. Akamchukua kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani. "Haya. Senene wako wa mwaka huu."

Jioni ile mama alipita na debe lililojaa. Akauliza kama nyumbani kwa msomi watakaanga herufi. Mke wangu akacheka, akamsaidia kunyonyoa mabawa.

Krismasi ilipokaribia vitenge vilifika duka la kijiji. Nilipanga foleni tangu alfajiri, foleni ndefu kama ya kwenda mbinguni, nikapata kimoja chekundu. Nikamkabidhi mke wangu mbele ya ukoo wote, kama desturi inavyotaka. Mama akakishika upindo, akakipima kwa macho.

"Senene mmoja, kitenge kizima? Mwanangu, utafilisika."

"Wako walijaza debe, mama," nikamwambia, "lakini huyu alisikiliza somo hadi mwisho."

Wazee walicheka. Mama naye alicheka, ila kidogo. Jumapili iliyofuata mke wangu alikaa benchi lile lile la mbele, mwekundu kama buni za kahawa zilizoiva, na mama yangu, bila kuombwa na mtu, akaja kukaa kando yake.