Shati la Kipimo

Mkono wa Akech ulizaliwa na cherehani. Hilo hata waliomchukia pale kwenye maghorofa ya Kariobangi walilikubali. Shule hakuifikisha mbali, kwa maana baba yake alisema mtoto wa kike ni mali ya watu wengine, lakini kabla hajapata watoto alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda cha nguo, na wageni walipokuja, msimamizi aliziokota kola zake kwenda kuwaringishia.

Mumewe, Phares Owuor, mfanyakazi wa kanjo, yaani baraza la jiji, ndiye aliyemtoa huko. Alipoona mimba ya kwanza alisema, "Mke wangu hataamka alfajiri kwenda kumshonea mtu suruali. Kaa nyumbani unilelee watoto."

Akakaa. Akamlea Tobias, akamlea Adhiambo, akamlea na kitinda mimba. Katikati ya hayo akaletewa mama mkwe kutoka nyumbani, hawezi hata kugeuka kitandani. Akech akamwosha, akamlisha kwa kijiko, mpaka mama wa watu akasimama na kurudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya kumsindikiza alimnunulia gauni la zambarau lenye lasi shingoni, na bibi kizee akambariki mbele ya watu wote.

Watoto walipofika umri wa kubeba funguo zao wenyewe, nyumba ikanyamaza, na Akech akaanza kutafuta kazi. Kwa siri, maana Phares hakuwa amefuta neno lake. Alikwenda mpaka kwenye lango la kiwanda chake cha zamani. Askari wa langoni, kijana aliyekuwa bado mtoto Akech alipokuwa akishona kola, alimtazama akasema, "Mathe, hapa wanachukua wasichana."

Adhiambo akamtafutia kwenye simu kazi za kufanyia nyumbani.

"Mum, hii wanataka laptopu. Hii wanataka digrii. Hii wanataka utume pesa kwanza ndio wakuajiri."

"Nitume pesa ndio niajiriwe? Basi mimi ndiye ninayewaajiri wao!"

Alimenya vitunguu saumu vya mwenye hoteli mmoja mpaka vidole vikachubuka, hoteli ikahama bila kuaga. Hatimaye kanisani akakutana na Lorine.

Lorine alikuwa Mluhya mnene, mcheshi, mwenye kibanda cha vitenge karibu na Majengo. Alichukua oda za sherehe, kisha akawagawia kazi wanawake waliokaa majumbani. Alimtembelea Akech, akaigeuzageuza kola aliyoshona, akapiga mluzi. Kisha akamsomea sheria yake.

"Mama Tobias, mshonaji wangu hamjui mteja, na mteja hamjui mshonaji. Mkijuana, mtaanza kupigiana simu, na mimi nitakula nini? Halafu hapa hatupimi watu kwa tepu. Kila mtu analeta nguo yake ya zamani inayomkaa vizuri. Wewe kata ukiifuata hiyo. Hiyo ndiyo kipimo."

Basi Akech akaitoa cherehani yake uvunguni, akaitia mafuta. Alishona Phares akiwa kazini, na kila jioni cherehani ikarudi chini ya kitanda, vipande vya nyuzi vikafagiliwa, sufuria ya ugali ikawekwa jikoni kana kwamba hakuna lililotokea. Mikono ilikumbuka yote. Kuna mchana alijikuta anaimba.

Jirani mmoja tu aliisikia cherehani ile asiulize kitu, naye ni Mukai, muuza mboga wa mlango wa pili. Hakuuliza kwa sababu walikuwa hawasemezani. Wakati wa mvua za mwaka uliopita, shati la Phares la samawati lilipotea kwenye kamba ya nguo huko juu ya paa. Akech alilipenda shati lile kama mtoto. Kola ilipochakaa aliigeuza mwenyewe, na kwapani alipoliona limetoboka alilitia kiraka kwa ndani, kitambaa cha miraba ya waridi kilichokatwa kwenye sare ya Tobias ya chekechea. Walipokuwa wanajiuliza nani amelichukua, Phares alisema huku anachokonoa meno, "Si umuulize jirani yako? Nguo zake ndizo zilikuwa pembeni."

Akech akaenda kumuuliza. Akamuuliza kwa sauti iliyowatoa watu vyumbani ngazi nzima. Alimwita mwizi, Mukai yuleyule aliyempokea kitinda mimba wake mikononi usiku gari lilipokosekana. Tangu siku hiyo walipopishana kwenye ngazi kila mmoja aliukumbatia ukuta wake.

Sasa siku moja Lorine akaja anahema, amebeba mzigo kichwani.

"Safari hii tumepata! Kuna Mjaluo anapeleka ayie Jumamosi. Familia nzima inavaa kitenge kimoja."

Akech aliijua ayie. Ni heshima anayopelekewa mama wa msichana ili atoe ridhaa yake, na mwanamume asiyeipeleka kwa wakwe huingia pale kama aliyepotea njia. Mama yake mwenyewe hakuipata. Phares alimletea sukari na ahadi, na mama akafa akiingojea ile ahadi.

Kitenge kilikuwa cha buluu nzito chenye ndege wa rangi ya chungwa. Akech akakilaza kitandani, akakipapasa.

"Huyo msichana ameolewa na watu," alimwambia Lorine.

"Watu hasa! Huyo bwana anampenda, wacha tu. Kaniambia nisibane kitambaa."

Akech akashona magauni ya akina dada na akina shangazi, moja baada ya jingine. Aliyashona vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, kwa ajili ya mama asiyemjua ambaye angalau angepewa heshima yake. Siku ya Alhamisi Lorine akaleta fungu la mwisho, nguo za kipimo za bwana harusi na mama yake, akazitupa kitini na kukimbilia mjini.

Akech akavuta nguo ya juu. Ilikuwa shati la samawati.

Alilitazama tu. Mashati ya samawati ni mengi duniani. Akaishika kola, na vidole vikajua kabla yake. Ile ilikuwa kola iliyogeuzwa, na mshono wake aliujua kama anavyozijua nyuso za wanawe. Akaingiza mkono kwapani, akalipindua.

Miraba ya waridi.

Akakaa sakafuni palepale alipokuwa. Nje muuza samaki alikuwa akipita anaita wateja, na Akech alimsikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Halafu akili ikaanza kumtetea mumewe, jinsi ilivyozoea. Labda Mukai aliliiba kweli, akaliuza sokoni Gikomba, na mtu wa watu akalinunua mitumbani bila kujua. Ndiyo. Mbona hilo linawezekana kabisa! Akapumua. Alikaribia hata kucheka. Kisha akanyoosha mkono akavuta ile nguo ya pili, ya mama wa bwana harusi.

Gauni la zambarau. Lasi shingoni.

Hilo hakuna aliyeliiba. Hilo mwenyewe alilivua kwa hiari yake, akalikunja, akalitoa liwe kipimo cha gauni la kumwendea mkamwana mpya. Na wale akina dada aliowashonea wiki nzima walikuwa mawifi zake. Hata mmoja hakuwa amepiga simu.

Akech hakulia. Alipata fahamu amesimama mlangoni kwa Mukai, shati mkononi, bila kukumbuka alivyofika.

Mukai alifungua, akamwona, uso ukawa jiwe. "Umekuja kutafuta nini tena kilichopotea?"

"Nimelipata," Akech alisema, akalinyoosha. "Amelileta mwenyewe. Liwe kipimo. Anaoa Jumamosi."

Mukai alilichukua, akalipindua, akakiona kile kiraka ambacho ngazi nzima iliwahi kusimuliwa habari zake. Kisha akapiga makofi mara moja, taratibu.

"Kumbe mwizi ulikuwa unalala naye."

"Mukai..."

"Ngoja. Leo nyamaza, mimi ndiye niseme. Watoto wangu waliitwa watoto wa mwizi kwenye hizi ngazi." Akatazama kando, halafu akamvuta Akech ndani kwa mkono. "Ingia. Unatetemeka kama kuku wa mvua. Hizo nguo zao utazichoma lini, nilete kiberiti?"

"Nitazimaliza."

"Una wazimu?"

"Kazi hii nimeitafuta mwenyewe, Mukai. Siwezi kuipoteza kwa sababu yake yeye."

Akamaliza. Ijumaa alishona kuanzia asubuhi, na jioni ilipofika cherehani haikurudi uvunguni. Watoto aliwapeleka kwa Mukai kula. Kisha akazitundika nguo zote sebuleni, kwenye misumari, kwenye mapazia, kwenye viti: magauni ya mawifi, gauni la mama mkwe, na katikati shati jipya lenye ndege wa chungwa.

Phares aliingia ananukia nyama choma ya soko la Burma. Alipiga hatua mbili, akakwama. Alisimama katikati ya ndugu zake wasio na vichwa, akigeuza macho huku na huku, mdomo wazi.

"Karibu, Baba Tobias," Akech alisema. "Lijaribu hilo. Likibana nitalilegeza."

Phares alilitazama shati, akaitazama cherehani, akamtazama mkewe. Akech alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa magoti, hata kwa kofi. Hakuwa amejiandaa kwa alichosikia.

"Nani amekuruhusu kufanya kazi?"

Baada ya yote, hilo ndilo lililomuuma. Akech akahisi kitu kinamkatikia kifuani, kama uzi.

"Wewe," alimjibu. "Wewe ndiye mteja wangu."

Phares hakugusa nguo. Alirudi nyuma, mgongo ukagonga mlango, akaufungua na kutoka. Viatu vyake vilisikika ngazi zote mpaka chini, na milango kadhaa ikafunguliwa kumtazama.

Asubuhi Lorine alikuja na gunia lake. Alikagua kola, akakagua mikono, asipate kosa hata la uzi mmoja.

"Mama Tobias, wewe ni hatari. Jumatatu nakuletea kwaya nzima. Sasa nipe zile nguo za kipimo niwarudishie."

Akech akampa gauni la zambarau, limefuliwa, limepigwa pasi.

"Na shati?"

"Liko juu ya paa. Nimelianika pembeni ya nguo za Mukai."

"Niendee basi, mama, nimechelewa."

"Siendi. Mwambie mwenye shati aje alianue mwenyewe."

Lorine akacheka. "Mteja wangu atoke huko aliko aje kulianua shati kwenye paa lenu? Hata hapajui!"

"Anapajua," Akech alisema, akakaa kwenye cherehani.

Kicheko cha Lorine kilikatika, na gunia likamtoka mkononi.