Mgongo wa Baba Mkwe, Njia ya Ngonga

Nilikwenda Kyela kwa sababu ya ubishi. Mume wangu, Ambokile, alinisifia kwao miaka miwili tukiwa Dodoma, ziwa hivi, mchele vile, mpaka nikachukua likizo nikaone mwenyewe. Yeye hakupata ruhusa kazini. Nikaondoka peke yangu kwenda kwa wakwe wasionijua, nikiwa na doti ya vitenge na hofu ya kutopendwa.

Jioni nilifika Bondeni, mjini Kyela. Wifi yangu Tumpe alinipokea vizuri, lakini kabla sijakaa akanivuta kwa nguvu nyuma ya jiko. Baba yake alikuwa anaingia uani. Nikachungulia. Mzee aliponiona aligeuka papo hapo, akanipa mgongo, akatoka. Nilipigwa na butwaa. Hata chai sijanywa, nimeshakataliwa.

"Si chuki, wifi," Tumpe akasema. "Ni kutila. Mkamwana hatazamani na baba mkwe, wala hawagusani. Baba ni mtu wa zamani."

Nikaitikia, ila moyoni sikuamini.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Tumpe alitoa skuta yake. Huwatembeza wageni mjini kisha ziwani, na kwa kuwa hajui kuendesha, ana dereva. Siku hiyo dereva alikuwa msibani.

"Chagua," akaniambia. "Tumngoje mpaka kesho, upakiwe, utazame nchi kwa raha. Au uendeshe wewe, mimi nikae nyuma nikuelekeze."

Dodoma nasambaza chakula kwa skuta kila siku ya Mungu. Nikachukua ufunguo.

Tulizunguka sokoni, tukapita kakao iliyoanikwa kwenye majamvi, kisha migomba, kisha mpunga mtupu. Tumpe alinigusa bega la kushoto nikate kushoto, la kulia nikate kulia. Saa tatu tulikuwa ufukweni Ngonga. Maji yalitulia, na ng'ambo milima ilisimama wima kutoka ziwani. Nilikiri kwamba Ambokile hakuongeza chumvi.

Saa nne, tukirudi, mama mmoja alitoka mbio majarubani akatusimamisha. Baba mkwe wangu alikuwa amejikata mguu kwa mundu akivuna. Tulimkuta ameketi tutani, kitambaa kimelowa damu. Bodaboda zote zilikuwa zimepeleka watu msibani. Chombo kilikuwa kimoja, na dereva mmoja.

Aliponiona, akageukia upande wa pili.

"Tumpe, mwambie mke wa mwanangu aende zake. Nitatembea."

Atembee, na damu inatiririka! Nilishindwa kujua nilie au nimfokee. Yaani afadhali afe kuliko kukaa nyuma yangu?

"Tupande mshikaki," Tumpe akaamua. "Katikati nitakaa mimi."

Mzee akakubali. Nikakaza macho mbele, tukaondoka watatu kwenda zahanati.

"Baba anasema punguza mwendo."

"Mwambie nikipunguza atazidi kuvuja damu."

Penye kalvati lililobomoka tairi la nyuma lilizama topeni. Tumpe akashuka kusukuma. Skuta ikachomoka ghafla, yeye akaachwa nyuma. Sikuthubutu kusimama, tungezama tena. Sasa kati yangu na mzee hapakuwa na mtu.

Tuliporuka shimo la kwanza, mkono ulinishika bega. Nilishtuka nusura niachie usukani. Mkono ukakaa pale mpaka zahanati.

Tumpe alipofika, matope hadi magotini, nesi alikuwa anamaliza kumshona mzee.

"Baba alishika nini asianguke?" Tumpe akaniuliza.

Nikajifanya sijasikia. Mzee naye akatazama ukuta.

Siku ya kurudi, Tumpe alinisindikiza stendi. Ng'ambo ya barabara alisimama baba mkwe na bandeji mguuni, amenipa mgongo kama siku ile ya kwanza. Mtu aliyekukataa haji kukuaga akichechemea. Ambokile hajawahi kunieleza hili, na sidhani kama angeweza.

Tumpe akavuka, wakanong'onezana, akarudi.

"Baba anauliza, ukija tena utapakiwa au utaendesha?"

"Mwambie nitaendesha."

Tumpe alikuwa hajapiga hata hatua. Kule ng'ambo, bila kugeuka, mzee aliinua mkono juu, ule ule ulionishika bega.